Albamu za Polepole Mtaani Buluk

Namna ya kupendekezeana albamu za metali ya polepole katika mtaa wa Buluk, mjini Juba, ilibadilika mara mbili ndani ya miaka isiyofika kumi, na mara zote mbili kilichoibadilisha hakikuwa ladha ya wasikilizaji, bali vita kwanza na umeme baadaye. Muziki wenyewe, ambao mashabiki huuita dumu metali, ni tawi la metali linalopigwa kwa mwendo wa taratibu, kwa magitaa yaliyolegezwa nyuzi ili sauti ishuke chini, na kwa mashairi ya msiba, majuto na hofu ya kifo. Chimbuko lake ni Birmingham, Uingereza, ambako Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani, alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvisha vidole hivyo na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimtese, jambo linalosikika waziwazi katika Master of Reality ya mwaka 1971.

Buluk muziki huo uliingia mifukoni mwa watu. Baada ya mkataba wa amani wa 2005, na zaidi baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, vijana waliokulia Kakuma, Nairobi na Kampala walirejea Juba na Kiswahili chao na simu zao, na ndani ya simu hizo mlikuwa na memori kadi. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye alikuwa miongoni mwa waliozigawa, anakumbuka kwamba kupendekeza albamu wakati huo kulikuwa na gharama, kwa kuwa kadi ndogo ilijaa upesi na aliyetaka albamu moja iingie alilazimika kufuta nyingine, kisha akamdai maelezo yule aliyemshauri. Vibanda vya kuchajia simu vilijaza nyimbo kwa malipo, lakini kompyuta zake zilisheheni bongo fleva, rumba ya Kongo na nyimbo za injili. Dumu metali ilipita kwa bluetooth tu, simu kwa simu, mara nyingi faili zikiwa zimepoteza majina, kiasi kwamba wapo waliopenda albamu nzima kwa miezi bila kujua imepigwa na nani.

Kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa jenereta. Injini ndogo ya jenereta, inayozunguka mara 3000 kwa dakika ili kutoa umeme wa hezi 50, hunguruma katika sauti zilezile za chini ambamo gitaa lililolegezwa huishi, kwa hiyo aliyesikiliza Black Sabbath jioni karibu na duka lenye jenereta alipata sauti ya mwimbaji na matoazi, huku uzito wenyewe wa muziki ukimezwa. Ndiyo maana albamu zilizokubalika kwanza zilikuwa zile zenye mwimbaji mwenye nguvu, si zile nzito kuliko zote.

Katika hizo, iliyofungua masikio mengi ni albamu ya kwanza ya Trouble, kundi la Chicago, iliyotoka mwaka 1984 na ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Psalm 9, yaani Zaburi ya 9. Katika mtaa ambako wengi huenda kanisani, na ambako metali ilishukiwa kuwa muziki wa shetani, kundi lenye mashairi yaliyochota katika Biblia lilikuwa hoja isiyohitaji maelezo marefu. Mama mwenye nyumba aliyesikia neno zaburi likitajwa aliacha kuuliza. Hata hivyo haikuwa hila: Trouble ni wazuri, na magitaa yao mawili yana huzuni ambayo wengi waliowafuata hawakuifikia.

Mapigano ya Julai 2016 mjini Juba yaliwatawanya wasikilizaji wa Buluk, wengine wakavuka mpaka wa Nimule kuingia Uganda, na tangu hapo mapendekezo yakawa yanarudi Juba kwa WhatsApp badala ya kupita simu kwa simu. Kwa njia hiyo Buluk ilipata habari za Vale of Amonition, kundi la Kampala linalochanganya dumu metali na mitindo mingine migumu, na ambalo albamu yake Those in Tartarean Depths inastahili wasikilizaji wengi kuliko iliowapata. Kwa njia hiyohiyo walifika Duma wa Nairobi, waliotoa albamu yao kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020, ingawa hao wana kasi ya kutisha na hawamo katika mada hii.

Kituo cha umeme cha megawati 33 kilipozinduliwa Novemba 2019, sehemu za mji zilizounganishwa zilipata usiku usio na ngurumo, na wenye uwezo wa kununua data wakaanza kusikiliza albamu nzima kwenye YouTube. Hapo mshauri akawa programu, na programu haina aibu ya kupendekeza vibaya: humpa kila mtu Dopethrone ya Electric Wizard, albamu nzuri lakini isiyohitaji tena mpiga debe. Haimfikishi mtu kirahisi kwa Pagan Altar wa London, ambao rekodi zao za 1982 zilizunguka kwa kaseti na hazikutolewa rasmi hadi 1998, wala kwa Stormcrowfleet ya Skepticism wa Finland (1995), ambamo kinanda kama cha kanisani hubeba wimbo wote polepole mno.

Anayeanza leo na aanze na Psalm 9, aende kwa Watching from a Distance ya Warning (2006), ambayo mashairi yake ni ya mapenzi yaliyovunjika bila jini wala mchawi, kisha ndipo awakaribie Skepticism. Mirror Reaper ya Bell Witch, wimbo mmoja wa dakika 83 uliotolewa mwaka 2017 baada ya kifo cha mpiga ngoma wao wa zamani, Adrian Guerra, asipewe mtu aliye katikati ya matanga. Waliopewa hivyo Buluk waliirudisha, na walikuwa na haki.