Matela Hununuliwa kwa Kilo, Hutunzwa kwa Hewa



Kazi ya muchungaji inanifikisha katika vyumba ambamo wageni wengine hawaingii. Mugonjwa hawezi kuja kutusalimia pa barza. Ni sisi tunamufuata pale alipolala. Kwa hiyo, katika miaka mingi ya kutembelea nyumba za kambi na za sité, nimeona matela mingi. Nimeona nyumba yenye televizyo kubwa na viti vya kungʼaa, lakini kule chumbani baba wa kazi ya usiku analala ndani ya shimo, maana matela imebonyea katikati kama barabara ya karieri wakati wa mvua. Anaamuka na mugongo unamuuma, na wote wanasema: "Ni kazi ya madini ile." Mara nyingi ni kazi kweli. Lakini mara zingine ni matela.

Mutu hulala karibu sehemu moja kati ya tatu ya maisha yake. Mwenye miaka 45 amekwisha kupitisha karibu miaka 15 kitandani. Hakuna kiti, hakuna gari, hakuna kiatu tunachotumia hivyo. Lakini tukiwa na franga, matela inakuja nyuma ya vyote.

Musi ni kitu gani?

Wazee wetu walilala juu ya mukeka, ao juu ya gunia lililojazwa majani makavu. Leo karibu kila nyumba iko na matela ya musi, ile laini kama eponji ya kuogea. Jina lake la kiwanda ni poliuretane. Njia ya kuitengeneza ilivumbuliwa Ujeruman mwaka wa 1937 na mutu wa sayansi aliyeitwa Otto Bayer na wenzake. Wanachanganya dawa mbili za majimaji. Zinapokutana zinatoa povu na kuvimba kama unga wa mukate uliotiwa chachu. Povu ikikauka inakuwa jiwe kubwa laini, nao wanalikata vipande kwa kisu kirefu.

Basi ndani ya musi kuna hewa nyingi na kitu kidogo. Ulizo la munumuzi ni hili: kitu chenyewe ni kiasi gani? Mufanyabiashara anaweza kukuuzia hewa kwa bei ya matela, na kitambaa cha maua kikafunika yote.

Kuchagua

Kijana mumoja wa kanisa letu na muchumba wake waliniomba niwasindikize sokoni mbele ya ndoa yao. Tulikuta matela mbili za kipimo cha watu wawili, urefu sentimetre 190, upana 140. Moja ilikuwa nene, sentimetre 20, na kitambaa cha kupendeza. Ingine ilikuwa 15 tu, na kitambaa cha mistari. Muchumba alipenda ile nene, na bei zilikuwa karibu sawa. Niliomba mizani kwa mama muuza unga aliyekuwa karibu. Muuzaji akacheka: "Pasta, munanunua matela ao munanunua kobalti?"

Ile nene ilikuwa na kilo 9. Ile nyembamba ilikuwa na kilo 11. Yule kijana, ambaye anajua hesabu, akazidisha vipimo. Ile nene ilifanya karibu kilo 17 kwa kila sanduku la metre moja kila upande; ile nyembamba karibu kilo 28. Hesabu hiyo ndiyo wafanyabiashara wanaita dansite. Walichukua ile nyembamba.

Shikeni namba hizi. Kwa mutu mukubwa anayelala juu yake kila usiku, inafaa dansite ifike 25 ao ipite. Mutu mwenye mwili muzito atafute 30 na zaidi. Ile ya 18 ao 20 inaweza kusaidia kwa mugeni wa siku mbili ao kwa mito ya viti, lakini baba na mama wataibonyeza upesi. Ile ya 190 kwa 140 kwa 15, ikiwa na kilo 8, ni dansite 20. Ikiwa na kilo 10, ni 25. Ikiwa na kilo 12, ni 30. Ile ya mutu mumoja, 190 kwa 90 kwa 15, inapaswa kupita kilo 6 kidogo ili kufika 25.

Lakini mizani peke yake haitoshi. Viwanda vingine vinaongeza unga wa chokaa ndani ya musi kusudi iwe nzito. Tena kuna matela za vipande vipande vya musi vilivyobandikwa pamoja. Hizo ni nzito na ngumu, nazo si mbaya, ila usizipime kwa namba nilizotoa. Kwa hiyo fungua kitambaa, uangalie ndani. Sugua musi kwa vidole: ikitoka unga, acha. Bonyeza kwa goti, hesabu mupaka kumi, ondoa goti. Inapaswa kurudi pale pale. Tena ulale juu yake, pasipo haya. Ukisikia mbao chini ya kiuno, ni laini mno kwako. Ugumu na dansite ni vitu viwili: inaweza kuwa ngumu leo, na kesho ikachoka juu ya dansite ndogo.

Kwa mutoto muchanga, wamama wasikilize vizuri. Alale chali, juu ya kitu kigumu na sawasawa, pasipo muto wala bulangeti nzito karibu na uso. Musi laini inayozama inaweza kumuziba pumzi. Mapenzi yanatufanya tumuchagulie kilicho laini kabisa, lakini kwa mutoto yule laini ni hatari.

Mavumbi ya kazi

Sisi wa nchi ya madini tuko na jambo letu. Huko Kolwezi, katika mutaa wa Kasulo, watu walianza kuchimba kobalti ndani ya lupango zao wenyewe mwaka wa 2014. Wenye elimu wa Université ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa pale, na mwaka wa 2018 wakatangaza matokeo: watoto wa karibu na mashimo walikuwa na kobalti nyingi sana katika mukojo kupita watoto wa mahali pengine. Mavumbi ni njia mojawapo ambayo inawafikia.

Sasa fikirini baba anayetoka karieri, anaketi kitandani na nguo za kazi ili avue viatu. Musi inashika mavumbi, na usiku mutoto analaza pua pale pale. Mavazi ya kazi yabaki inje, baba aoge kwanza, kisha akaribie kitanda. Na matela isipigwe kwa fimbo chumbani. Itolewe inje, mbali na watoto, kisha ipanguzwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Kutunza

Musi haipendi maji wala simenti. Kila usiku mwili unatoa jasho, na jasho linashuka. Matela ikiwa chini kwenye simenti, unyevu hauna njia ya kutoka, na kuvu inaota kule chini. Mwenye kukohoa atakohoa zaidi. Hata kama kitanda hakijanunuliwa, panga mbao chache zenye nafasi katikati, hewa ipite. Kila juma moja ao mbili isimamishe katika upepo. Jua ni zuri, lakini musi isibaki wazi juani siku nzima, maana jua linaigeuza njano na kuivunja kuwa unga. Iache ndani ya kitambaa chake. Kila mwezi geuza kichwa kiende miguuni, na kama pande zote mbili ni sawa, geuza chini iende juu.

Mutoto akikojoa, usimwage ndoo ya maji, wala usimupige. Kamua mukojo kwa kitambaa kikavu, pangusa kwa maji kidogo na sabuni, kamua tena, na uikaushe siku mbili mbele ya kulalia. Tandika mpira chini ya shuka pale anapolala.

Kama kunguni wameingia, jueni kwamba wanajificha pia katika viungo vya mbao, si katika matela peke yake. Mwaga maji ya kuchemuka katika viungo vya kitanda, fua shuka kwa maji ya moto, na urudilie mara nyingi, maana mayai yanabaki. Dawa za shamba zisinyunyizwe juu ya matela: mutatilia sumu mahali pa kulaza watoto.

Tena moto. Musi inashika moto upesi sana, na moshi wake una sumu inayoweza kuua mbele ya ndimi za moto kufika. Umeme ukikatika, mushumaa usiwekwe pembeni ya kitanda ao ya mustikere. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, wengi wanaingiza mbabula chumbani. Makala yanaua kimya, hata kama hakuna kilichoungua. Mbabula ilale inje.

Na yule anayelinda lupango

Matela ikichoka katikati, pembeni mara nyingi ingali nzima. Kata kipande kwa ajili ya imbwa wenu. Mezali 12:10 inasema habari za mwenye haki na nyama wake, someni wenyewe. Imbwa muzee anayelala juu ya simenti anaota ngozi ngumu kwenye viwiko, kisha vidonda. Weka kipande ndani ya gunia safi, ukishone upande mumoja kwa kamba kusudi kifunguliwe, na ukiinue juu ya mbao. Fua gunia kila juma, maana mayai ya viroboto yanaanguka pale anapolala, na viroboto wadogo wanakomalia pale, si juu ya imbwa peke yake. Lakini kama imbwa wenu ni wa kutafuna, mumupe gunia lenye majani makavu. Musi iliyomezwa inaweza kuziba matumbo.

Vijana munaotayarisha ndoa, mbele ya simu mupya na mbele ya viti vya wageni, pimeni kwanza matela. Na sisi wazee, Jumamosi hii tutoe ile tuliyo nayo inje, tuangalie upande wa chini. Pengine kikohozi cha mutoto kimejificha pale.