Baraza Letu la Narung'ombe

Nyumba yetu ya Mtaa wa Narung'ombe ilikuwa na vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, na ukumbi mwembamba katikati uliokupeleka moja kwa moja hadi uani. Nyumba nyingi za Kariakoo zilijengwa hivyo: kuta za fito na udongo zilizopakwa chokaa, bati juu, na uani jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Sisi tulikaa vyumba viwili. Vinne vilikuwa vya wapangaji: fundi cherehani, mchuuzi wa nazi, karani wa bandarini na familia yake, na mama mmoja wa Kimanyema ambaye vitumbua vyake vilituamsha kwa harufu kabla ya adhana. Mbele, kwa upana wa nyumba nzima, palikuwa na baraza.

Lilikuwa tuta la udongo lililosakafiwa kwa saruji, kimo chake goti la mtu mzima, kingo zake zimelainika kwa kukaliwa. Ikifika alasiri mama alitandika mkeka wake, akakaa na ungo wa mchele mapajani. Mkeka huo wa ukindu alisukiwa na bibi kule Mafia alipoolewa. Kila aliyepita alisalimia, na mtoto aliyepita kimya aliitwa arudi aulizwe kwao wapi. Posa zilianzia pale, misiba ilitangazwa pale, na deni la sukari lilisamehewa pale mbele ya mashahidi. Sikuwahi kusikia mtu akiita hayo utamaduni. Yalikuwa maisha ya jioni.

Hoteli, kwetu sisi watoto, ilikuwa moja tu: Kilimanjaro. Ilifunguliwa mwaka 1965, mwaka niliozaliwa mimi, ikachorwa na wasanifu wa kampuni ya Zevet kutoka Israeli, ikasimama Kivukoni ikitazama bandari. Baba mdogo alikuwa dobi pale. Alirudi jioni na hadithi za lifti na shuka nyeupe zisizo idadi, akazisimulia barazani huku wazee wakimwomba arudie. Siku moja, nikiwa na miaka minane, alinipeleka. Tukaingia kwa mlango wa nyuma, tukapita chumba chenye mvuke wa pasi, na kwa muda mfupi nikauona ukumbi wa mbele: vioo virefu, sakafu inayong'aa, viti vilivyopangwa mbalimbali. Nikamuuliza, "Baba, baraza lao liko wapi?"

"Hapa hakuna baraza, mwanangu. Mgeni wa hapa akitaka kukaa, anakaa peke yake."

Jibu hilo lilinihuzunisha, nikawaonea huruma wageni wale.

Miaka ile utalii wenyewe ulikuwa hoja nzito. Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967, na mwaka 1970 wasomi waliandikiana magazetini kwa ukali: je, nchi ya ujamaa ijenge mahoteli ya kifahari? Hoja zile Issa Shivji alizikusanya katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Waliopinga waliogopa kwamba mwenyeji atageuzwa mtumishi, na ngoma yake kitu cha kuonyeshwa kwa malipo. Wazee wa baraza letu hawakusoma kitabu hicho, lakini hoja waliijua. Mchuuzi wa nazi alisema hoteli ni kama shamba: ikileta shibe ni njema. Fundi cherehani alisema shamba halikulazimishi kucheka. Walibishana mpaka taa za barabarani zikawaka.

Kisha tukapata jengo letu wenyewe la kujivunia. Mwaka 1975 Rais Nyerere alifungua soko jipya la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli, Mtanzania. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wamejenga soko kabla ya vita ya kwanza, Waingereza wakalifanya kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na jina la Kariakoo likazaliwa humo. Amuli aliweka nguzo za zege zinazofunguka juu kama miavuli na kukinga maji ya mvua. Mimi niliona miti. Akina mama wa mchicha walikaa chini ya zege kama walivyokaa chini ya miembe, na hakuna aliyehitaji kufundishwa namna ya kulitumia jengo lile.

Mambo yaligeuka polepole, tangu wakati wa Mzee Mwinyi, biashara ilipofunguliwa. Mtaa wa Kongo ukajaa marobota, wenye nyumba wakagundua kwamba chumba cha mbele kikitobolewa mlango kinaleta kodi kuliko vyumba vyote vya nyuma. Kisha ghorofa zikaanza kupanda. Zamu yetu ilifika mwaka 2004, baba alipokwisha kufariki. Tuliingia ubia na mjenzi: yeye apandishe ghorofa nane, sisi tupewe nyumba mbili za juu. Nakumbuka siku tulipokunjua ramani mezani. Mbele pote paliandikwa maduka. Kila futi ya baraza letu ilikuwa imegeuka fremu ya duka, na kila fremu ina kilemba chake, yaani fedha ya kuingilia. Sote tulitia saini, na mimi nilitangulia.

Mlango wetu wa mvule, wenye nakshi nyembamba kwenye kizingiti, alikuja kuuchukua mnunuzi wa vitu vya zamani kwa mkokoteni. Alitupa fedha kidogo, nasi tukamshukuru kwa kutuondolea mzigo. Mama alikataa kuuza kitu kimoja tu, mkeka. Akaukunja, akapanda nao ngazi.

Mwaka 2019 wanangu walitulipia mimi na mama siku mbili kwenye hoteli moja ya Shangani, Unguja. Tukapanda boti asubuhi. Mlangoni mama alisimama muda mrefu. Ulikuwa mlango mkubwa wa kuchonga, njumu za shaba zimepangwa safu safu, minyororo imezunguka fremu, na samaki chini karibu na kizingiti. Kijana wa mapokezi alimwamkia, "Shikamoo, bibi," kisha akamweleza kwa adabu kwamba mnyororo ni ulinzi na samaki ni uzazi. Mama akaitikia marahaba, akapitisha kidole kwenye mgongo wa samaki. "Wetu ulikuwa mdogo," alisema, "lakini uliwahi kufunguliwa na watu wengi."

Yaliyokuwamo ndani yalikuwa mazuri kwelikweli, wala sitasema vinginevyo. Boriti za mikoko darini, kuta nene za mawe na chokaa zilizotunza ubaridi, kahawa chungu na halwa kwenye kisahani, kanga mbili zimekunjwa juu ya kitanda. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mahoteli yamechangia kuyasimamisha baadhi ya majengo yake. Zanzibar Serena Inn, kwa mfano, imo ndani ya jengo la zamani la simu za nje. Na palipo na kazi ya nakshi, fundi hupata mkate na mwanafunzi hupata mwalimu.

Alasiri mama alikwenda kukaa kwenye baraza la ua wa ndani, lenye matakia ya rangi ya zafarani. Nilimwacha, nikarudi baada ya saa nzima. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Mwanangu," aliniuliza, "mbona hapa hapiti mtu?"

Nilitazama. Ua ulikuwa umezungukwa na kuta pande zote nne. Wageni wawili walikuwa wakisoma, kila mmoja kwenye pembe yake. Nikakumbuka jibu la baba mdogo.

Ukutani, juu ya kichwa cha mama, palitundikwa mkeka wa ukindu, mkubwa, wa rangi tatu. Mama akainuka, akaushika ukingo kwa dole gumba na shahada, akafuata mshono wa ukili mmoja mpaka ulipokutana na mwingine. "Umesukwa na mtu anayejua," alisema. "Lakini umekakamaa. Mkeka usiokaliwa hukakamaa."

Njiani kurudi nilikuwa na uchungu, na kwanza uchungu huo niliuelekeza kwa hoteli, kana kwamba ndiyo iliyotunyang'anya. Kabla hatujafika gatini nilikuwa nimekwisha kukiri. Hakuna aliyetunyang'anya baraza. Tulilipima kwa futi, tukaliuza. Mwenye hoteli alikitunza tulichokitupa, naye alikitunza kwa kadiri awezavyo kukitunza mtu aliyekinunua: alihifadhi mbao, mawe na ukindu. Wapita njia hawakuwa mali ya kununuliwa. Hao walikuwa kwetu, wakipanda na kushuka ngazi za ghorofa nane bila kujuana majina.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Amuli liliungua. Tuliuona mwanga dirishani, tukateremka sote na nguo za kulalia, tukasimama barabarani tukilia. Hapo ndipo nilipomfahamu mama wa ghorofa ya tano, na yule mzee wa Kihindi wa ghorofa ya tatu ambaye alizaliwa Mtaa wa Mchikichi, mitaa michache tu kutoka kwetu. Watu tulioishi chini ya paa moja miaka na miaka tulijuana kwa sababu ya moto.

Siku chache baadaye mama alishuka na mkeka wake. Alizungumza na kijana wa Kikinga anayeuza vitambaa chini, wakakubaliana: akifunga duka jioni, sehemu ya mbele ni ya bibi. Siku ya kwanza alikaa peke yake. Ya pili alikaa na mama wa ghorofa ya tano. Wiki ya tatu muuza kahawa alisogeza jiko lake na birika karibu, na yule mzee akaleta benchi, maana magoti hayamruhusu kukaa chini.

Juzi nilikuwapo. Mama alikuwa na ungo mapajani, mkeka umelala laini chini yake, umefifia rangi pale wanapokaa watu. Dada mmoja wa mikoani, mwenye mifuko ya bidhaa mikono yote miwili, alisimama akautazama. Ndivyo Kariakoo ilivyomzoesha mtu: kila kilichotandikwa kinauzwa.

"Shikamoo, bibi. Mkeka huu shilingi ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hauuzwi," mama alijibu, akasogea kidogo. "Tua mizigo, ukae."