Majina ya Kidato cha Pili

Mwaka jana nikiwa TP nyumbani Runzewe, nilisahau jina la mwanafunzi niliyekuwa nimemwita dakika tano tu nyuma. Alikaa palepale, mkono juu. Nikamnyooshea chaki: "Wewe hapo." Darasa likacheka. Mwalimu mtarajiwa huyo.

Nina baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Natumia sodiamu valproeti, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa kifafa. Inanituliza, lakini kuna siku neno liko mdomoni na halitoki, na ukurasa mmoja nausoma mara tatu. Nikajisemea, mchawi wangu ni hii dawa. UE ilipokaribia, nikaiacha kimyakimya.

Wiki ya kwanza nilikuwa moto. Nilikesha nikisoma, nikawafundisha washkaji hosteli nzima. Kufika wiki ya tatu, bumu lote nilikuwa nimelituma Runzewe kununua hisa kwenye duara la dhahabu. Najua kwa sababu meseji za muamala zipo kwenye simu. Mwenyewe sikumbuki. Mama anasema nilimpigia usiku wa manane nikamwambia afunge genge lake pale stendi, tumeshatajirika. "Baba, nilicheka kwanza, ndiyo nikalia." Hilo nalo sikumbuki. Mitihani mitatu ikanipita.

Kliniki, daktari hakunigombeza. Alisema ni kweli dawa hizi zinaweza kupunguza kasi ya akili, hata lithiamu, ambayo ripoti ya kuitumia kutibu hali hii ilichapishwa Australia mwaka 1949. Ila ugonjwa wenyewe nao unakula kumbukumbu. Kukosa usingizi na sonona vinaongezea. "Ungekuja ukaniambia unasahau, tungeangalia dozi." Kumbe dozi inaweza kurekebishwa, hata dawa ikabadilishwa. Kuacha ghafla ndiko kunakoweza kukurudisha ulikotoka.

Nilipiga hesabu yangu: dawa ilininyima majina, kuiacha kulininyima wiki nzima nzima, pesa na mitihani.

Nimerudi kwenye dawa. Bado nasahau, ila kidogo. TP ya mwaka huu nilichora ramani ya madawati, kila jina mahali pake, nikaibandika ndani ya andalio la somo. Siku moja wakabadilishana viti makusudi. Nikaita jina la kiume, akasimama binti. Darasa likacheka, na safari hii nami nikacheka nao.