Shahada Mbili, Mwili Mmoja



Tulikuwa wasichana wawili wa jumuiya hai moja huku Bukavu, na kila mmoja wetu alitaka kusomea udaktari pamoja na sheria. Haja hiyo ilikuwa na chanzo. Mama jirani yetu alijifungua salama katika kituo kimoja cha afya, kisha akazuiliwa humo na mtoto wake majuma matatu, kwa kuwa mume wake alikosa feza ya kulipa. Tulipompelekea bugali na sombe, tuliona kwamba uhai wake ulikuwa umeokolewa, lakini hakuna aliyejua kutetea uhuru wake. Tukaapa kuwa vyote viwili.

Baada ya mtihani wa serikali tukahesabu miaka ya udaktari pamoja na ya sheria, tukaona kwamba ni mingi. Wazazi wetu walikuwa tayari kujinyima. Lakini wadogo wetu nao walikuwa shuleni, na feza ya miaka yetu ya ziada ingetolewa katika masomo yao. Tena tulikiri, kwa aibu, kwamba tulitamani pia sifa ya kuitwa kwa vyeo viwili.

Padri wetu hakutuamulia. Aliuliza tu: «Mkitaka kuwa kila kitu, mtamwachia nani nafasi?»

Tulikumbuka mafundisho ya Mtume Paulo kwa Wakorinto juu ya viungo vingi vya mwili mmoja. Tulitazama pia Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999: huko wanawake waliotendewa jeuri hupata matibabu na pia msaada wa sheria, lakini daktari na mwanasheria ni watu wawili wanaoshirikiana.

Basi tukagawana. Yule asiyepata usingizi mtu anapougua alichukua udaktari. Yule asiyepata usingizi mtu anapoonewa alichukua sheria. Hatusemi kwamba ilikuwa rahisi. Hata leo kila mmoja hufungua vitabu vya mwenzake kwa wivu kidogo. Lakini wadogo wetu wanasoma, nasi tumejifunza kuhitajiana.

Wapenzi, msiogope kutamani makubwa. Ila kabla ya kuchagua, ulizeni mbele ya Mungu: ni nani atakayelipa gharama ya ndoto yetu, na ni ndugu gani tumepewa ili tuibebe pamoja?