Khofu Yenye Hesabu

Pwani ya Ushongo, kusini ya mto Pangani, haina taa nyingi za kushindana na nyota. Usiku usio na mwezi, mvuvi asukumaye ngalawa yake majini huiona mbingu nzima juu yake, na mara kwa mara huona mstari wa moto ukikata giza na kutoweka kabla neno halijamtoka kinywani. Jina la mstari huo ni kimondo. Wengi waliolelewa katika mafunzo ya Kiislamu hukitaja kuwa kombora la moto wapigwalo mashetani wanapotega masikio kusikiliza siri za mbinguni. Nyota yenye mkia nayo ilipata sifa mbaya kwa mataifa mengi: ilidhaniwa kuwa tarishi wa vita, njaa na vifo vya wafalme. Mambo haya si ya kuchekwa. Binadamu alitazama kitu asichoweza kukipima, akakipa maana. Na kitu chenye maana, hata kikitisha, hutisha kidogo kuliko kitu kisicho na maana yoyote.

Sayansi imeleta maelezo yake. Vimondo vingi ni punje za vumbi, nyingi zisizozidi mchanga kwa ukubwa, ziingiazo hewani kwa mwendo wa makumi ya kilomita kwa sekunde na kuungua. Mawe makubwa ni machache, na kadiri jiwe lilivyo kubwa ndivyo ujio wake ulivyo wa nadra. Lakini huja, na Tanzania inao ushahidi. Kimondo cha Mbozi kimelala penye mteremko wa kilima cha Marengi, katika mkoa wa Songwe. Ni bonge lenye sehemu 90 hivi za chuma katika kila 100, na sehemu 8 hivi za nikeli; urefu wake wapata mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukitangaza kwa walimwengu mwaka 1930. Hapana shimo linaloonekana pale kilipo, wala hapana hadithi ya mtu aliyekiona kikianguka. Ardhi ni sahaulifu: mvua, mizizi na majembe huyafuta makovu yake. Mwezi hauna mvua wala mkulima, na kwa sababu hiyo makovu yake yaonekana hata leo.

Kovu kubwa sana limezikwa chini ya rasi ya Yucatan, nchini Mexico. Mwaka 1980 Luis Alvarez na mwanawe Walter, pamoja na wenzao wawili, walieleza kwamba tabaka jembamba la udongo lenye iridiamu nyingi, madini yaliyo haba juu ya ardhi lakini si haba katika mawe ya angani, ni mabaki ya pigo lililotokea miaka milioni 66 iliyopita. Jiwe hilo lilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi, na shimo lililochimba lina upana wa kilomita 180 hivi. Dinosaria waliangamia, ukabaki ukoo wa ndege. Hapo mazungumzo ya watu huisahau hesabu, wakadhani kwamba wanyama hao wote walikufa kwa pigo moja. Wale wa Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, ambao mifupa yao ilichimbwa tangu mwaka 1909 hata 1913 ikapelekwa Berlin, walikwisha kufa zaidi ya miaka milioni 80 kabla jiwe hilo halijafika.

Michezo ya sinema nayo imechuma mali katika khofu hii. Mwaka 1998 Marekani ilitoa filamu mbili za namna moja, Deep Impact na Armageddon. Katika hii ya pili wachimba mafuta hurushwa angani, wakalitoboa jiwe na kulipasua kwa bomu la nyuklia. Filamu za kigeni ziliwafikia Watanzania wengi katika vibanda vya video, wafasiri wakizisimulia kwa Kiswahili kitamu, na hakuna ubaya katika burudani. Lakini mafunzo yake ni haba. Sinema hutaka shujaa mmoja, taifa moja na saa chache. Ukweli hutaka macho mengi, miaka mingi na watu wasiojulikana majina, ambao kazi yao ni kuhesabu.

Thamani ya kuhesabu ilionekana barani Afrika. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini iliyoko Arizona iliona jiwe la upana wa mita 4 hivi, na hesabu zikaonyesha kwamba litaangukia kaskazini ya Sudan kabla ya siku kupita. Alfajiri ya tarehe 7 lilipasuka hewani mahali palipotajwa. Baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walitembea jangwani safu kwa safu, wakaokota vipande vyake. Ilikuwa mara ya kwanza jiwe la angani kuonekana kabla ya kuanguka. Kinyume chake kilitokea tarehe 15 Februari 2013. Jiwe la mita 20 hivi lilitoka upande wa jua, darubini zisilione, likapasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi. Watu wapatao 1,500 waliumia, wengi wao kwa vioo vya madirisha.

Siku chache za Desemba 2004 zastahili kukumbukwa kuliko filamu zote. Wakati huo wanajimu walikuwa wakifuata jiwe jipya, ambalo baadaye liliitwa Apophis, lenye upana wa mita 340 hivi. Hesabu za awali zilionyesha kwamba laweza kuipiga dunia tarehe 13 Aprili 2029, na tarehe 27 Desemba uwezekano huo ulifika karibu sehemu 3 katika 100. Ndipo picha za zamani, zilizopigwa Machi mwaka huo, zilipofukuliwa. Njia ya jiwe ikapimwa upya, na hatari ya mwaka 2029 ikaondoka. Apophis litapita kiasi cha kilomita 32,000 kutoka juu ya ardhi, na watu wa Afrika wataweza kuliona kwa macho matupu. Lakini tarehe 26 Desemba 2004, siku moja kabla ya khofu hiyo kufika kilele, sakafu ya Bahari ya Hindi ilitikisika karibu na Sumatra. Mawimbi yaliua zaidi ya watu 220,000, na pwani ya Tanzania nayo ilipoteza roho. Jiwe la angani lilikuwa na walinzi. Bahari hii haikuwa na mtambo wa kuwaonya watu wake. Mtambo huo uliundwa baada ya msiba.

Mlinzi wa mbingu sasa anaweza zaidi ya kuonya. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Marekani kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi Dimorphos, jiwe la mita 160 hivi lizungukalo jiwe kubwa zaidi. Mzunguko wake wa saa 11 na dakika 55 ulipungua kwa dakika zipatazo 33. Kwa mara ya kwanza binadamu alisogeza njia ya kitu cha mbinguni, na alichotumia si ushujaa wa sinema bali ni subira ya hesabu.

Basi kosa si kuogopa. Kosa ni kuogopa kinachong'aa na kuacha kuhesabu kinachopungua kimya. Mbele ya Ushongo kipo kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na miti na sasa ni fungu la mchanga lifunikwalo na maji ya bamvua. Hakuna kimondo kilichokipiga. Bahari ilikila kidogo kidogo. Kasa wangali wakipanda pale kutaga, na mayai yakiachwa huzama. Kwa hiyo watu huyatwaa, wakayahesabu, wakayachukua kwa mashua hata ufukwe wa Ushongo, wakayafukia mahali maji yasipofika, kisha wakangoja siku ya kuanguliwa. Kazi hii haina sifa wala sinema. Lakini ni ya ukoo mmoja na kazi ya darubini: khofu iliyotiwa hesabu, ikaacha kuwa kilio, ikawa kazi ya mikono.