Uchovu Usio na Nafasi Kwenye Kadi

Kadi ya kliniki ya mama mdogo ilikuwa na nafasi ya uzito, ya shinikizo la damu, ya wingi wa damu na ya tarehe ya kurudi. Haikuwa na nafasi ya uchovu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa titi, akamaliza kemo, kisha akapanda basi zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam kupigwa mionzi Ocean Road. Alirudi na majibu mazuri. Nywele zikaota. Ndugu wakachinja kuku. Lakini hakuweza kufagia uwanja bila kukaa chini mara mbili.

"Nalala kama gogo, mwanangu," aliniambia, "ila naamka kama sikulala. Kama simu mbovu. Unaichaji usiku kucha, asubuhi imezima."

Nilifika nyumbani Januari, mvua ikiwa imekolea, kukusanya data za utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Kwenye uwanda wa Ufipa huo ni wakati wa kupiga intumba, yale matuta ya mviringo ambayo ndani yake hufukiwa nyasi zioze ziwe mbolea. Ni kazi ya mgongo na mabega, na anayekosekana shambani huonekana na kijiji kizima. Wifi yake alisema waziwazi, tukiwa jikoni: "Saratani si walishaitoa? Sasa hii imebaki nini kama si kudeka?" Na kulikuwa na maneno mengine, ya chini kwa chini, kwamba shamba lake likodishwe kwa mtu mwenye nguvu. Kwa mwanamke wa kwetu hilo si jambo dogo. Ukinyang'anywa shamba ungali hai, umeanza kuzikwa.

Uchovu wa saratani si uchovu wa jembe. Uchovu wa jembe unalipwa kwa usingizi, huu haulipiki. Huletwa na ugonjwa wenyewe, na dawa, na mionzi, na maumivu, na mawazo, na unaweza kudumu miezi au hata miaka baada ya tiba kwisha. Kinachowashangaza wengi ni kwamba kulala mchana kutwa huuzidisha. Mwili usiotumika hupoteza misuli, na misuli ikipungua, hata kubeba ndoo nusu huwa mlima.

Nilikuwa nimesoma utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, ulioongozwa na Janice Kiecolt-Glaser wa Chuo Kikuu cha Ohio State. Wanawake 200 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya yoga laini mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila kipindi, kwa wiki 12. Lingine lilisubiri zamu yake. Siku ya mwisho ya mafunzo, uchovu wa makundi hayo haukuwa umetofautiana vya kutosha. Miezi mitatu baadaye ndipo uchovu wa waliofanya yoga ulipoonekana kuwa mdogo kuliko wa wenzao. Nililipenda jibu hilo kwa sababu halikuahidi miujiza, lilidai subira.

Nilipomtajia, alinitazama kwa jicho la pembeni. "Hiyo si ibada ya Wahindi? Watu wa jumuiya watasemaje?"

Sikumficha. Nilimwambia kweli imetoka India, na kwamba jina lenyewe ni la Kisanskriti, kutoka mzizi wenye maana ya kufunga pamoja, kutia nira. Alinyamaza, kisha akacheka. Nira anaijua. Amelima na maksai tangu akiwa msichana. "Kumbe ni kumfunga huyu aliyechoka na yule anayetaka kwenda," alisema. Sijasikia tafsiri bora darasani.

Kabla ya kuanza tulirudi kwa daktari. Damu yake ilipimwa, maana upungufu wa damu hautibiwi kwa kunyoosha miguu. Tuliuliza pia kuhusu mkono wa upande uliopasuliwa, kwani tezi za kwapani zilitolewa na mkono ule unaweza kuvimba. Akaruhusiwa, kwa sharti la kutouegemea kwa uzito na kuacha mara maumivu yakianza.

Vifaa vyetu vilikuwa mkeka, kiti cha mbao, ukuta na kanga mbili zilizokunjwa kuwa mto. Alikaa kitini akavuta pumzi, akaitoa taratibu zaidi ya alivyoivuta. Alipandisha vidole ukutani kama buibui hadi bega likasema basi. Alilala chali, miguu juu ya kiti, akafumba macho. Wiki ya kwanza dakika kumi zilimtosha. Kufikia Aprili alifika nusu saa. Siku nyingine alikataa kabisa, na siku hizo tulikunywa chai.

Wifi yake alipita mlangoni siku moja akamkuta amelala hivyo. "Ndiyo mazoezi hayo?" Mama mdogo hakufumbua macho. "Ndiyo. Na wewe ukitaka, mkeka ni mpana." Hakuja. Ila suala la kukodisha shamba sikulisikia tena jikoni, labda kwa sababu mwenye shamba alikuwa ameanza kulitembelea kila asubuhi, polepole, akihesabu mistari.

Julai, baridi ya Ufipa ikiuma hadi kwenye meno, nilimpigia simu kutoka chuoni. Uchovu haujaondoka wote. Bado kuna siku zinazomlaza. Lakini alikuwa amechambua maharage yake mwenyewe, debe moja, kwa siku tatu. "Nikichoka nasimama," alisema. "Nawaambia nimemaliza kwa leo. Siombi radhi."

Utafiti wangu una dodoso lenye maswali 42. Nimeongeza la 43, nalo ni fupi: Umechoka kiasi gani, na nani anakuamini?