Hakuna Aliyekaa Kilio cha Ishango

Huku kwetu mtu akifa tunajua la kufanya. Turubai linafungwa, viti vinaazimwa kwa majirani, wanaume wanakesha nje kando ya moto, na hata mpita njia huingia kutoa pole. Mahali pakipotea, pasipofikika tena, hakuna anayefunga turubai. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuizunguka Beni, mashariki mwa Kongo, tumezika watu wengi hata ingekuwa aibu kulilia ziwa au mlima. Basi tukanyamaza, na Ishango ikaenda bila matanga.

Ishango ni pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, maji ya viboko. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu, wa miaka kama 20,000, na wapo wataalamu wanaosema aliyeuchonga alikuwa akihesabu. Mfupa umewekwa Brussels. Hilo haliniumi sana. Kinachoniuma ni mwanafunzi wa Butembo anayelikariri jina la Ishango darasani na hajawahi kukanyaga pale. Samaki wa ziwa lile anawala: tilapia wa Kyavinyonge hufika sokoni kwetu wamekaushwa kwa moshi, harufu ikiwatangulia. Samaki wanaijua njia kuliko sisi.

Halafu milima ya Ruwenzori. Ukiwa Beni asubuhi, baada ya mvua ya usiku, mawingu yakichelewa, theluji huonekana upande wa mashariki. Dakika chache tu, kisha inafunikwa. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Zamani mtu alitoka Beni, akalala Mutwanga, akapanda na wabeba mizigo hadi vibanda vya Kalonge na Mahangu. Baadaye watu walizoea kuipita barabara ya Kasindi, inayoelekea huko, kwa msafara wa wanajeshi, na nani angeomba kusindikizwa eti anakwenda kutazama mlima? Sisi tunangoja amani, barafu haingoji. Ile waliyoikuta Waitalia waliofika kileleni mwaka 1906, sehemu kubwa imekwisha kuyeyuka.

Ebola ilipotuingilia, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ilitunyang'anya hata kilio chenyewe. Zaidi ya watu 2,200 walikufa, na wengi walizikwa na watu waliovaa mavazi ya plastiki, ndugu wakiwa wamesimamishwa mbali. Nadhani hapo ndipo tulipozoea kupoteza bila kuaga.

Wako wanaosema kutembelea hifadhi ni mambo ya wazungu. Sikubali. Virunga iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1979, na tangu 1994 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa hiyo dunia imeandika hasara yake. Yetu haijaandikwa popote, na watoto waliozaliwa baada ya 2014 hawajui hata kwamba kuna kitu walichokosa.

Wewe mzee, wewe mama uliyewahi kufika, usingoje vita viishe ndipo usimulie. Mwite mjukuu umtajie njia ya mlimani: Beni, Mutwanga, Kalonge, Mahangu. Mwambie mlikula nini, mlilala wapi, na nani alikubebea mzigo.